Nabii ni nani katika imani ya Kikristo?

Siku hizi ukisikia "nabii", fikra inakwenda kwenye utabiri: nani atashinda uchaguzi, nani ataolewa mwaka huu. Kwenye Biblia utabiri upo, lakini nabii kwanza ni msemaji aliyetumwa. Musa alipolalamika kwamba si mwepesi wa kusema, Mungu alimwambia kwamba kaka yake, Haruni, atakuwa nabii wake mbele ya Farao. Musa anaagiza, Haruni anatamka.

Ujumbe anaopewa nabii ndio ufunuo: Mungu anajulisha jambo ambalo mtu asingelifikia kwa akili yake. Nabii hawezi kuuvuta ujumbe huo apendavyo. Hanania wa Gibeoni alisimama hekaluni akatangaza, "Bwana wa majeshi asema hivi", kwamba nira ya Babeli, yaani utawala wake juu ya Yuda, itavunjika ndani ya miaka miwili. Nabii Yeremia akaitikia "Amina", maana naye angependa iwe hivyo. Hanania akaitwaa nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya utawala huo, akaivunja mbele ya watu. Yeremia akaenda zake tu. Neno la kumjibu Hanania lilimjia baadaye, na Hanania akafa mwaka uleule.

Hata Yerusalemu ilipokwisha kuanguka, waliosalia walimwomba Yeremia awaulizie kwa Mungu kuhusu safari yao ya Misri. Jibu lilichukua siku kumi: msiende. Wakamwita mwongo, wakaenda, na yeye wakamchukua.

Waraka kwa Waebrania unaanza kwa kusema Mungu alinena zamani kupitia manabii, na mwisho wa siku hizi amenena katika Mwana. Kwa sababu hiyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1965 ulifundisha kwamba hakuna ufunuo mpya wa hadhara, yaani wa kuwafunga waamini wote, wa kutarajiwa kabla Kristo hajarudi. Maono ya Bikira Maria kule Kibeho, Rwanda, yalitambuliwa na Kanisa mwaka 2001, lakini hayaongezi kitu kwenye imani. Mkatoliki halazimiki kuyaamini.

Wapentekoste wengi husema karama ya unabii ingali hai, nao wana andiko: Paulo aliwaruhusu Wakorintho manabii wawili au watatu wanene, "na wengine wapambanue". Nusu hiyo ya pili, kwa maoni yangu, husahaulika haraka sana pale "Nabii" inapokuwa cheo kwenye bango.