Jozi ya 9, wapinzani watatu: kubeti kikubwa si ngao

Wachezaji wengi wa poka ya Texas Hold'em huamini hivi: ukiwa na jozi inayoweza kupitwa, nawe ndiye wa kwanza kuamua, weka dau kubwa uwafukuze wengine. Ushauri huo una mantiki dhidi ya mpinzani mmoja. Dhidi ya watatu, mara nyingi ni hasara.

Hata Ree mbili, mkono (karata zako mbili za mwanzo) bora kuliko yote, hushinda karibu 85% dhidi ya mkono mmoja wa kubahatisha, lakini dhidi ya minne hushuka hadi takriban 56%. Sasa wewe una 9-9, na flopu (karata tatu za kwanza za pamoja mezani) ni 8-5-4, mbili za shupaza. Ukibeti kikubwa, wanaokunja (wanaojitoa) ni wenye Kwini-Jeki, na kweli umewanyima nafasi ya takriban 13% ya kukupita kwa karata inayofuata. Faida hiyo ipo. Ila wanaobaki ni wenye 10-10 (jozi kubwa kuliko yako), 8-8 (sasa nane tatu), 7-6 (karata tano mfululizo) au shupaza mbili (wanangoja ya tano), na hao hawatishiki. Umejenga fungu kubwa la dau kwa ajili yao, kisha raundi zote utaamua bila kujua wanachopanga.

Kwenye mashindano kosa hili linauma zaidi, hasa zawadi zikikaribia: chipu unazopoteza zina thamani zaidi kuliko unazoshinda. Kupisha (kupitisha zamu bila kubeti), au kubeti kidogo, hukuonyesha nani ana nguvu kabla hujajifunga. Ukibakiwa na chipu za blaindi kubwa (dau la lazima la kila mkono) kumi hivi, hapo mambo hubadilika, sukuma chipu zote.