Barua kutoka Dodoma inamfaaje mfungwa wa Minsk?

Viongozi wa matawi ninaowafundisha sheria ya kazi hapa Dodoma huniuliza swali hilo kila tunapofikia mada ya mshikamano wa kimataifa, na wana haki ya kuuliza, kwa kuwa matamko mengi huishia kusomwa, kupigwa picha na kufungiwa kwenye jalada. Mkoa wetu si mgeni wa mshikamano, maana Kongwa ilihifadhi kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini katika miaka ya 1960. Lakini ule ulibebwa na serikali. Chama cha wafanyakazi hakina jeshi wala balozi. Barua yake hupata nguvu pale tu inapoingia katika utaratibu unaoifanya serikali husika itakiwe kujieleza, na utaratibu huo uko Geneva, katika Shirika la Kazi Duniani (ILO).

Tuitazame Belarus, nchi ya Ulaya Mashariki ambayo mji mkuu wake ni Minsk. Baada ya uchaguzi wa rais wa Agosti 9, 2020, waandamanaji waliopinga matokeo walikamatwa kwa maelfu, na wafanyakazi wa viwanda vikubwa, kikiwemo cha matrekta cha Minsk, wakagoma kuwaunga mkono. Aprili 2022 ikawa zamu ya viongozi wa shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi, BKDP, na Julai mahakama ikalifuta shirikisho lenyewe. Mwenyekiti wake, Aliaksandr Yarashuk, aliyekuwa pia mjumbe wa Baraza la Uongozi la ILO, alihukumiwa kifungo cha miaka minne.

Je, mwandamanaji asiye na kadi ya chama chochote anaingiaje katika shauri la wafanyakazi? Mkataba Na. 87 wa ILO wa mwaka 1948, unaolinda uhuru wa kuunda vyama vya wafanyakazi, hautaji maandamano ya kudai demokrasia. Ni azimio la Mkutano Mkuu wa ILO la mwaka 1970 lililotamka kwamba haki za vyama hazina maana pasipo uhuru wa kiraia, yaani kutokamatwa kiholela, kutoa maoni, kukusanyika na kuhukumiwa na mahakama huru. Mpaka upo, hata hivyo: Kamati ya Uhuru wa Kujumuika ya ILO, iliyoundwa mwaka 1951 kusikiliza malalamiko ya aina hii, hushikilia kwamba mgomo wa kisiasa mtupu haulindwi, ilhali ule unaopinga sera za uchumi na jamii unalindwa.

Tawi la Dodoma haliwezi kupeleka lalamiko Geneva lenyewe. Lipitie TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanzania, ambayo ni mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Wafanyakazi (ITUC), lenye uwezo wa kulifikisha huko. Barua ieleze nani amekamatwa, lini, wapi, kwa shtaka gani, na kama ameonana na wakili. Ukali wa maneno usio na tarehe hauna kazi huko. Kabla ya kutaja jina lolote, ipatikane ridhaa ya familia au ya chama chake, kwa sababu jina likitangazwa ovyo huweza kumwongezea mfungwa mateso.

Juni 2023 Mkutano Mkuu ulitumia Ibara ya 33 ya Katiba ya ILO, inayoruhusu hatua dhidi ya nchi iliyokaidi mapendekezo ya tume ya uchunguzi, dhidi ya Belarus, mara ya pili tu tangu shirika lianzishwe mwaka 1919, baada ya Myanmar mwaka 2000, ukizitaka serikali, waajiri na wafanyakazi wapitie upya uhusiano wao na nchi hiyo. Yarashuk aliachiwa Septemba 2025, kufuatia mazungumzo ya Marekani na serikali ya Minsk, nami siwadanganyi wanafunzi wangu kwamba barua ndizo zilizofungua lango la gereza.