Siafu na maji moto msimu wa masika: soma kabla ya kupuliza dawa
Kila masika malalamiko huongezeka: siafu wameingia banda la kuku Goba, maji moto, wale sisimizi wanaoshona viota vya majani, wamejaa kwenye mwembe Kigamboni. Wengi hutupigia wakiwa wameshapuliza dawa. Tunaomba mtupigie kwanza, maana maisha ya wadudu hawa hufuata hali ya mazingira, na dawa ya ovyo huyavuruga mazingira hayo.

Wapo wanaoamini kwamba siafu wametumwa na mtu. Hawatumwi. Wafanyakazi wao hawana hata macho. Huongozwa na harufu na kugusana. Udongo ukikauka hubaki chini. Mvua ikilowesha ardhi hupanda kuwinda, na mawindo yakipungua kundi zima huhama na malkia wake na watoto. Ondoeni wachanga, wagonjwa na mifugo iliyofungwa, kisha waacheni wapite. Kumwaga petroli ni kujitafutia moto, na mara nyingi malkia hayupo kwenye msafara wa kuwinda.

Maji moto ni habari nyingine. Makao yao ni juu ya miti. Sogea taratibu utazame: wafanyakazi wamevuta majani mawili mpaka yamekutana, wengine wameshika buu mdomoni wanampitisha ukingo hadi ukingo, na hariri inayomtoka ndiyo inayoshona kiota. Kundi moja, kwa kawaida la malkia mmoja, huweza kumiliki viota kwenye miti kadhaa iliyogusana matawi. Ndio wanaowafukuza wadudu wanaofyonza vidaka (nazi changa) vya mnazi na kuvipukutisha.

Wakiuawa, nafasi yao huchukuliwa na sisimizi wa kahawia ambao askari wao wana vichwa vikubwa. Hao hujenga ardhini, wana malkia wengi, na viota vya jirani havipigani, hivyo huenea haraka. Mnazi hawaulindi kama maji moto. Utafiti uliofanyika kwenye michungwa hapa Tanzania na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba palipopaliliwa hadi udongo mtupu, hao wenye vichwa vikubwa waliwaondoa maji moto. Palipoachwa majani, maji moto walidumu. Tunajua ua wa mchanga mtupu unapendeza machoni. Chini ya minazi na michungwa, tafadhali acheni majani.

Na mchwa si sisimizi kama hawa. Malalamiko ya mchwa yaandikwe kuwa ya mchwa.

Ikibidi dawa itumike, iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, inunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali, ikiwa kwenye chombo chake chenye lebo. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, hata ikiwa ya bei nafuu, msiipokee. Mpulizaji aonyeshe kibali chake kabla hajafungua pampu, si baada ya kulipwa. Dai risiti, andika jina la dawa na tarehe, waarifu majirani. Kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na adhabu yake yaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili. Mwenye shaka na dawa aliyouziwa aipeleke kwa afisa kilimo wa kata ikiwa na lebo na risiti yake.