Je, wajua rimoti moja inawezaje kuamrisha TV za kampuni mbalimbali?

Kwa mama, kule Tanga, mezani kuna rimoti nne: ya TV, ya king'amuzi, ya sabufa na ya feni. Zamani ilikuwa moja tu. Ya pili ililetwa na king'amuzi, baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya nao wakazima yao, wakamaliza mwaka 2015. Hizo nyingine zimejileta zenyewe, kila kilipoingia kifaa kipya.

Siku moja rimoti ya TV ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Nikaipeleka kwa fundi mjini, wala hakuhangaika kuifungua. Akatoa nyingine kwenye nailoni, nyeusi, nyepesi kama kiberiti kilichoisha njiti. "Kaka, TV yenyewe aina gani?" Nikamtajia. Akachungulia karatasi iliyokunjwa mara nane, akabonyeza namba kadhaa, akanikabidhi. "Kajaribu. Ikikataa, rudi nayo." Haikukataa. Sasa kampuni iliyotengeneza TV ya mama na kiwanda kilichotengeneza ile rimoti havijuani. Ilijuaje cha kuiambia?

Ukweli ni kwamba haikujua chochote. Ilipewa ukurasa wa kusoma, ikausoma.

Tuanzie kwenye kile kitaa kidogo kilicho puani mwa rimoti. Washa kamera ya simu, ielekezee rimoti, bonyeza kitufe chochote. Kwenye kioo cha simu utaona kitaa kinametameta kwa rangi ya zambarau au nyeupe, ingawa kwa macho yako hakuna kitu. Kamera ya mbele ni bora kwa jaribio hili, maana ya nyuma mara nyingi imewekewa kichujio cha kuzuia mwanga wa aina hiyo. Ni mwanga wa infraredi, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 940 hivi, nje kidogo ya uwezo wa jicho la binadamu. Ndiyo maana ile plastiki nyeusi maalumu inayofunika jicho la TV haizuii kitu: kwako ni ukuta, kwa infraredi ni dirisha.

Jua nalo linatoa infraredi, na balbu za moto pia. TV itatofautishaje rimoti na mwanga wa dirishani? Kwa mpepeso. Rimoti haiwashi taa na kuiacha iwake, bali huipepesa mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi ndani ya TV kimetengenezwa kisikilize mpepeso huo na kupuuza mwanga uliotulia. Hiyo 38,000 ndiyo ya kawaida. Sony wanatumia 40,000, na mfumo wa zamani wa Philips uitwao RC5 ni 36,000. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo wakati mwingine kipokezi husikia mpepeso usio wake, ila kwa karibu tu. Ukiona rimoti mpya inafanya kazi ukiwa hatua mbili kutoka kwenye TV na ukirudi kwenye kochi inagoma, na betri ni mpya, hilo ni jambo la kushuku.

Juu ya mpepeso ndipo ujumbe unapopanda, na hapa kila kampuni ina lahaja yake. Lahaja iliyoenea mno ni ile ya NEC ya Japani. Ukibonyeza kitufe, taa inapepesa kwa milisekunde 9 kama mtu anayepiga hodi, inanyamaza kwa 4.5, kisha inatoa alama 32 mfululizo. Kila alama ni mwako mfupi wa mikrosekunde 560 hivi unaofuatwa na kimya: kimya kifupi maana yake sifuri, kimya kirefu maana yake moja. Alama 8 za kwanza ni anwani ya kifaa, na 8 nyingine ni amri yenyewe, yaani ongeza sauti, badili chaneli, zima. Nusu iliyobaki ni kurudia zilezile zikiwa zimegeuzwa, moja ikawa sifuri na sifuri ikawa moja, ili TV ihakikishe haikusikia vibaya. Yote hayo yanaisha kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijatimia.

Lahaja ya Sony haihesabu kimya, inapima urefu wa mwako wenyewe. RC5 ina alama 14 na hesabu ya tatu kabisa. TV ya lahaja moja ikipigiwa kelele kwa lahaja nyingine haielewi hata salamu. Si kama mtu wa Lamu na mtu wa Unguja, ambao watataniana kidogo halafu wataelewana.

Ile rimoti ya fundi, basi, ni kamusi. Kwenye chipu yake zimehifadhiwa lahaja, anwani na amri za mamia ya vifaa, na kila kifungu kimepewa namba ya tarakimu tatu au nne. Karatasi ile iliyokunjwa ni faharasa. Ukiingiza namba, unaiambia rimoti isome ukurasa upi.

Jambo ambalo watu wengi hawaligundui ni kwamba rimoti ni kiziwi. Inasema tu. Ukibonyeza kitufe haijui kama TV imewaka, imezimika, au haipo kabisa chumbani. Ukilikumbuka hilo, vituko vyake vingi unavielewa.

Tazama jinsi ya kuipanga. Washa TV kwa mkono. Shikilia kitufe cha SET mpaka kitaa chekundu cha rimoti kiwake na kubaki, achia, ingiza namba. Kitaa kikizimika, rimoti imeipokea namba. Haimaanishi kwamba TV imekubali! Hapo ndipo watu wanapobeba rimoti nzima kuirudisha dukani. Chini ya jina la kampuni moja kwenye karatasi unaweza kukuta namba kumi au ishirini, kwa sababu kampuni hiyohiyo imebadilisha anwani na amri zake miaka ilivyokwenda. Inabidi uzijaribu. Na ukipata inayozima na kuwasha, usishangilie bado. Jaribu sauti, menyu, na kile kitufe cha kuchagua chanzo cha picha. Kurasa mbili zinaweza kufanana kwenye kuzima na kutofautiana kwenye menyu. Kwa mama ilikuwa hivyo: namba ya fundi ilizima, ikawasha, ikaongeza sauti, lakini menyu ilikuwa kimya. Namba ya nne ndiyo iliyokaa sawa.

Karatasi ikipotea, na hupotea, kuna kutafuta kwa kujaribu. Unashikilia SET kwa sekunde kadhaa, au SET pamoja na kitufe cha kuzima, kila aina na utaratibu wake, na rimoti inaanza kusoma kamusi nzima kutoka mwanzo, ikitoa amri ya "zima" ya kila ukurasa. Wewe ndiye masikio yake. TV ikizimika tu, bonyeza kitufe papo hapo ili isimame. Ukichelewa kwa sababu ulikuwa unajibu ujumbe kwenye simu, imeshapita, na itaendelea bila habari.

Zipo pia rimoti za kujifunza, na hizo mimi ndizo ninazozipendelea. Zina kijicho cha kupokea. Unaziweka pua kwa pua, ya zamani na mpya, zikiachana sentimita chache, unaibonyeza mpya kwenye kitufe unachotaka kukifundisha, kisha unabonyeza kitufe chenyewe kwenye ya zamani. Inanakili ile midundo kama ilivyo, hata ya feni au sabufa isiyo na jina ambayo hakuna karatasi itakayoitaja. Zimekuwapo muda mrefu: mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitoa rimoti yake iliyoitwa CORE iliyofanya kazi kwa kujifunza kutoka kwa nyingine. Ila mwalimu lazima awe hai. Rimoti iliyokwisha kunywa maji ya kudekia haifundishi mtu. Fanya kazi hiyo leo, wakati ya zamani bado inahema.

Dukani, usivutiwe na maandishi ya "TV 1,000" au "10 kwa 1" kwenye boksi. Hesabu vitufe. Shika ya zamani mkono mmoja, mpya mwingine, uulize kila kitufe unachokitumia kiko wapi. Vya rangi nne, nyekundu, kijani, njano na buluu, baadhi ya ving'amuzi vinavihitaji, na rimoti nyingi za bei ya chini hazinavyo. Kitufe kisichokuwepo hakuna namba itakayokileta. Kisha muulize muuzaji kama ukibadilisha betri inasahau. Nyingine husahau zikikaa dakika chache bila umeme. Namba ikishakubali, iandike kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha betri. Na betri zenyewe, zile za bei poa huvuja. Unga mweupe kwenye springi umeua rimoti nyingi kuliko zilizouliwa na watoto.

Halafu kuna ile ahadi ya kitufe kimoja kinachowasha vyote kwa mpigo. Inapendeza, na ndiyo inayoleta fujo. Vifaa vingi vina amri moja tu ya umeme: kama kimewaka, kinazimika, na kama kimezimika, kinawaka. Rimoti kiziwi inatuma amri hiyo kwa TV, king'amuzi na sabufa. Kama sabufa tayari ilikuwa inapiga taarabu, inanyamaza huku vingine vinawaka. Kampuni ya Logitech, kwa rimoti zao za Harmony zilizosifiwa sana, walijaribu kuifanya rimoti ikumbuke ilichotuma, ili ikisie hali ya kila kifaa. Mtu akipita mbele wakati ujumbe unakwenda, kumbukumbu na ukweli vinaachana. Dawa yao ilikuwa kitufe cha msaada kinachomuuliza mwenye nyumba kama TV imewaka au la. Yaani kiziwi kumuuliza anayeona. Mwaka 2021 walitangaza kuacha kuzitengeneza.

Wenye TV janja wasome kwa makini zaidi. Rimoti iliyokuja na TV hizo mara nyingi hutumia Bluetooth, hasa kwa kile kitufe cha kuongea. Jicho la infraredi kwa kawaida bado lipo kwenye TV, kwa hiyo rimoti ya fundi itaweza kuzima, kuwasha na kuongeza sauti, lakini usitarajie uongee nayo. Kijiti cha Fire TV Stick, kile kinachochomekwa kwenye TV kuleta video za mtandaoni, hakina jicho hilo kabisa, hivyo utaipeperusha rimoti hewani bure. Kwa kifaa cha namna hiyo, kabla ya kununua chochote, ingia kwenye mipangilio ya TV utafute HDMI-CEC. Kwa Samsung inaitwa Anynet+, kwa LG SimpLink, kwa Sony Bravia Sync. Ukiiwasha, muunganisho wenyewe wa HDMI unabeba amri, na rimoti ya TV inaweza kuongoza kijiti bila senti kukutoka. Na kama simu yako ina kitaa cha infraredi juu, kama Xiaomi nyingi zilivyo nacho, basi rimoti umeshainunua zamani. Tafuta programu yake tu.

Kwa mama kimebaki kisa kimoja. Baada ya kuipanga rimoti mpya, ukipunguza sauti ya TV, sabufa nayo inabadilisha wimbo. Si jini. Vifaa vingi vya bei nafuu vinatumia lahaja ileile ya NEC, anwani ni alama 8 tu, yaani chaguo 256, na viwanda vingi hutumia chipu zilezile bila kujali jirani amechagua anwani gani. Vifaa viwili vikikutana sebule moja na anwani moja, vyote vinaitika. Tulijaribu namba nyingine tatu, zikaharibu menyu. Mwishowe nikabandika kipande cha selotepu nyeusi juu ya jicho la sabufa, mikunjo miwili. Mama akaibonyeza rimoti mara tano akiikodolea macho sabufa, ikatulia. "Na mimi nikitaka kuizima?" Nikamwonyesha kitufe kilichoko mgongoni.