Je, wajua kwa nini utumbo uliojaa bakteria hauvimbi kila siku?

Mwiba ukikuchoma kidole, baada ya muda mfupi mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na kuuma. Huo ndio mchochota: kinga ya mwili imewaona wageni wachache walioingia na mwiba, ikaita damu na seli nyeupe kuwakabili. Sasa njoo kwenye utumbo. Inakadiriwa kwamba mtu mzima hubeba bakteria trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli za mwili wake, na wengi mno wamo kwenye utumbo mpana. Kinachowatenganisha na nyama iliyo chini yao ni safu moja ya seli, unene wake takriban maikromita 20, yaani moja ya hamsini ya milimita. Kwa hesabu ya kidole, utumbo ungekuwa kidonda kibichi tangu utotoni. Mbona si hivyo?

Wengi hujibu kwamba utumbo una kinga imara. Hiyo ni nusu ya jibu, na nusu inayoachwa ndiyo nzito zaidi: kinga ya utumbo imefundishwa kujizuia.

Tuanze na ute, kwa sababu bakteria wengi hawaufikii hata ukuta wenyewe. Kati ya seli za ukuta zimo nyingine zenye umbo la kikombe, zinazotema ute uliofumwa kwa protini iitwayo MUC2. Katika utumbo mpana ute huo una matabaka mawili. La juu ni legelege na bakteria wanaishi humo. La chini limeshonana kiasi kwamba bakteria hawapenyi, hivyo hubaki karibu tupu. Panya waliozaliwa bila MUC2 hawana kizuizi hicho. Bakteria wanagusa ukuta moja kwa moja, na panya hao hupata mchochota wa utumbo mpana bila kuambukizwa ugonjwa wowote.

Utumbo mwembamba hauwezi kujifunika ute mzito namna hiyo, maana kazi yake ni kufyonza chakula. Wenyewe hutegemea zaidi seli za Paneth, zilizojificha chini kabisa ya vishimo vya ukuta, zinazomwaga protini za kuua bakteria. Juu ya hayo kuna kingamwili aina ya IgA, ambazo utumbo humimina gramu kadhaa kila siku. IgA huwashika bakteria na kuwazuia wasisogee ukutani, bila kuamsha mchochota. Ni silaha ya kimya, na kwa mahali kama hapa ndiyo inayofaa.

Ukuta nao si kitu cha kudumu. Seli huzaliwa chini ya kishimo kutoka kwenye seli shina, hupanda taratibu kama zinasukumana, na ndani ya siku 3 hadi 5 hufika juu na kudondoka. Kila seli imeungana na jirani yake kwa viungio vinavyokaza na kulegea. Katika utumbo mpana, nishati yao kubwa hutoka kwenye butireti, asidi ambayo bakteria huitengeneza wanapovunja nyuzinyuzi za chakula. Seli zinapoichoma butireti hutumia oksijeni nyingi, kwa hiyo ndani ya utumbo oksijeni hubaki kidogo sana, na hali hiyo ndiyo inayowapendeza bakteria wanaotengeneza butireti. Nyuzinyuzi zikikosekana, mambo huharibika mara mbili: butireti hupungua, na baadhi ya bakteria hugeuka kuula ute wenyewe. Majaribio ya mwaka 2016 kwa panya waliolishwa chakula kisicho na nyuzinyuzi yalionyesha tabaka la ute likikonda.

Chini ya safu hiyo ndipo zilipo seli za kinga. Makrofaji, seli nyeupe za kumeza wavamizi, wamekaa karibu kabisa na ukuta. Bakteria akipenya, wao hummeza na kumuua, lakini hawapigi kelele ya kuita wenzao. Nyuma yao kuna seli T za udhibiti, zinazotoa kemikali iitwayo intaleukini 10. Ujumbe wake ni mmoja: tulia. Mwaka 1993 ilionekana kwamba panya wasioweza kuitengeneza hupata mchochota wa utumbo. Panya haohao wakilelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja, hawaugui. Kwa binadamu pia, watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye kipokezi cha intaleukini 10 hupata ugonjwa mkali wa utumbo wakiwa bado wachanga. Ute upo, bakteria ni wale wa kawaida. Kilichokosekana ni neno la kutuliza. Kwangu huu ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote katika mada hii, na ndiyo sababu matangazo ya bidhaa za “kuongeza kinga” hayana maana kwa mtu mwenye mchochota wa utumbo. Kinga yake imeshazidi.

Basi mambo huharibikaje? Tuseme ute umekonda mahali fulani na bakteria wengi wamepenya kwa pamoja. Damu huleta seli changa ambazo hazijapata malezi ya utumbo. Hizi hupiga kelele: zinatoa TNF na kemikali nyingine za kuwasha mchochota. TNF huziamuru seli za ukuta zivute nyuzi zilizo ndani yake, na viungio vikalegea. Bakteria zaidi wanapita, TNF zaidi inatolewa, viungio vinalegea zaidi. Kisha hufika nyutrofili, seli nyeupe za mstari wa mbele. Zinajipenyeza katikati ya seli za ukuta hadi kwenye kishimo, zinarundikana humo na kuwa usaha. Mtaalamu akitazama kipande cha ukuta kwa hadubini huliona rundo hilo waziwazi: kishimo kimejaa seli nyeupe, na vikombe vya ute pembeni yake vimepungua au kutoweka. Mgonjwa yeye huona damu na ute kwenye choo.

Mduara huu unaweza kuanzia upande wowote, ukutani au kwenye kinga. Magonjwa makuu ya mchochota wa utumbo ni mawili, Crohn na kolaitisi ya vidonda. Jeni ya kwanza kuhusishwa na ugonjwa wa Crohn, NOD2, iliyotambuliwa mwaka 2001, inahusu namna seli zinavyotambua vipande vya bakteria. Crohn unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa na kuchimba unene wote wa utumbo. Kolaitisi ya vidonda hubaki kwenye utumbo mpana, kwa kawaida ikianzia mwisho wake, na hushika tabaka la ndani.

Kuzima tu kila kinachowasha mchochota hakutoshi. Dawa za kuzuia TNF, ambazo ya kwanza iliidhinishwa kwa Crohn nchini Marekani mwaka 1998, zimewasaidia wagonjwa wengi. Lakini dawa ya kuzuia intaleukini 17 ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn, haikusaidia, na wengine walizidiwa. Kemikali hiyo, pamoja na kuchochea, husaidia pia kukaza viungio vya ukuta.

Ukiharisha kwa zaidi ya wiki 4, ukiona damu kwenye choo, ukiamshwa usiku na tumbo la kuhara, au ukikonda bila sababu, muone daktari. Kipimo kimoja chepesi ni kalprotektini kwenye choo. Ni protini iliyojaa ndani ya nyutrofili, kwa hiyo ikiwa nyingi ina maana kwamba seli hizo zimeingia utumboni. Chini ya maikrogramu 50 kwa gramu, mchochota hauelekei kuwapo. Zaidi ya 250 mara nyingi ni mchochota ulio hai. Kati ya hapo kipimo hurudiwa. Tatizo lake ni kwamba hakitaji chanzo: maambukizi ya kawaida hukipandisha, vivyo hivyo dawa za maumivu kama aibuprofeni na diklofenaki, ambazo huchubua ukuta huohuo. Mwambie daktari kama umezitumia siku za karibuni. Uthibitisho hupatikana kwa kamera ya utumbo na vipande vidogo vya ukuta.

Kuhusu “utumbo unaovuja” unaotajwa kila mahali: ukuta kupitisha vitu zaidi ya kawaida ni jambo la kweli na linapimika, ila mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa fulani, na kipimo cha kuvuja peke yake hakikuambii ni upi.

Jambo moja huwakwaza wagonjwa wengi. Dawa ikianza kufanya kazi, kuhara hukoma na damu hukatika, na mtu huona amepona. Lakini ukuta unaoonekana laini kwa kamera unaweza kuwa bado na nyutrofili vishimoni ukitazamwa kwa hadubini, na wenye hali hiyo hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko wale ambao vishimo vyao vimesafika. Kwa hiyo daktari anaweza kuendelea kukuandikia dawa, na kuomba kalprotektini tena, wakati wewe husikii maumivu yoyote.