Breki ya diski inayolia haitaki mafuta

Waendesha baiskeli wengi huamini kwamba breki ya diski ikilia basi imekauka, na tone la mafuta litaituliza. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka: cheni kavu hulia, ikitiwa mafuta hunyamaza.

Kwa breki mambo ni kinyume. Pedi husimamisha gurudumu kwa kusuguana na diski, na mafuta huua msuguano huo. Mara nyingi mafuta ndiyo chanzo cha kelele: yamerushwa wakati wa kupulizia cheni, yametoka vidoleni, au yanavuja kwenye kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Ukiongeza mengine, unateremka mlima na breki isiyoshika, na hapo mtu huumia.

Kagua mwenyewe. Chomoa pedi uzielekeze kwenye mwanga. Uso uking'aa na kuwa na madoa meusi, shuku mafuta. Futa diski kwa kitambaa safi chenye alkoholi ya isopropili, kisha sugua pedi juu ya msasa uliotandazwa mezani mpaka mng'ao uishe. Funika pua, vumbi lake si zuri. Pedi zilizokwisha kunywa mafuta, mimi ningezibadilisha tu. Kalipa ikivuja, anza nayo, la sivyo hata pedi mpya zitaharibika.

Baada ya hapo, kimbiza baiskeli mahali tambarare na upunguze mwendo polepole kwa breki bila gurudumu kukwama, mara 20 hivi, ili pedi na diski zizoeane. Kelele ya mvua ni nyingine: maji yakikauka, kwa kawaida huisha yenyewe.