Nyumba ya Masaki usiikague Julai tu

Wateja wangu wengi hushuka Dar es Salaam kati ya Juni na Agosti. Shule za kimataifa zinafungua Agosti, mikataba mingi ya kazi inaanza Julai, basi wanafika upepo wa kusi unavuma, usiku mtu anatafuta shuka la kujifunika, mvua hakuna. Anasimama kwenye baraza ya ghorofa ya sita, anaitazama bahari, ananiambia, "Dada, hapahapa." Namwambia asubiri kidogo, nyumba ameikuta imevaa nguo za Idi.

Nina miaka 14 kwenye udalali wa nyumba upande wa Kinondoni, yaani Masaki, Oysterbay, Mikocheni na mitaa ya jirani, na wapangaji wangu wengi ni wageni: Wazungu, Wahindi, Wakenya, Wakongo, na Watanzania waliokaa ughaibuni mpaka wakasahau joto la Februari. Kila mmoja namwambia kitu kilekile: nyumba ya pwani ichagulie miezi yake mibaya. Kaskazi, upepo wa miezi ya joto, ikianza kulegea mwezi wa tatu na masika ikagonga hodi, ndipo utajua umepanga nini.

Anza na jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini au karibu yake mwaka mzima. Kuta zinazotazama kaskazini na kusini haziumii sana. Anayeumia ni ukuta wa magharibi, unaochapwa kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi ikiadhiniwa. Zege linameza joto lote hilo, halafu linakurudishia usiku ukiwa kitandani. Kwa hiyo zile ghorofa za upande wa ghuba ya Msasani zinazouzwa kwa sifa ya kutazama machweo, mimi huuliza kwanza: chumba cha kulala kiko wapi? Machweo ni dakika 20. Joto la ukuta ule linakaa mpaka saa sita usiku.

Halafu upepo. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo dirisha la mashariki linapata upepo misimu yote miwili, mradi kuna dirisha jingine ng'ambo ya kuutolea. Bila la pili, upepo unafika dirishani na kugeuza. Nyumba za zamani za Oysterbay, zilizojengwa enzi ya Mwingereza mtaa ukiitwa Uzunguni, zina mapaa yaliyotokeza, baraza pana na madirisha yanayotazamana. Siyasifii mambo ya nani aliruhusiwa kukaa wapi, lakini aliyechora alijua kazi. Nyingi zimebomolewa, pamesimama vioo, na kioo bila AC ni tanuri.

Na AC yenyewe iko vitani na chumvi. Nikimpeleka mteja kwenye nyumba iliyo karibu na maji, naomba tuione mashine ya nje kabla ya jiko, kabla hata ya sebule. Nachukua ufunguo, nagusa yale mapezi ya alumini taratibu. Yakimomonyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, najua fundi ataingia pale kila mwezi, na mkataba lazima useme nani anamlipa. Mpangaji wangu mmoja kutoka Nakuru hakunisikiliza, aliipenda bahari. Mwezi wa nne akanitumia picha ya viatu vyake vya ngozi vimeota ukungu wa kijani ndani ya kabati. "Hii nyumba inakula viatu," akaandika. Nakuru kiatu kinakaa kabatini mwaka mzima kinatoka kinang'aa. Huku kabati la kujengea lililoegemea ukuta wa nje na kufungwa kabisa ni shamba la uyoga.

Sasa maji ya mvua, na hapa lazima nijitaje. Miaka yangu ya mwanzo nilimpangisha mama mmoja nyumba ya chini Mikocheni, nzuri, bustani, bei poa. Rangi ilikuwa mpya, na niliona kabisa kwamba imepakwa kuanzia sakafuni mpaka kiunoni tu, juu yake ni ile ya zamani. Nikajisemea mwenye nyumba amebana matumizi. Masika ikaja, maji yakapanda mpaka kwenye soketi, na mstari wa tope ukakaa palepale rangi mpya ilipoishia. Nilirudisha nusu ya udalali. Nusu nyingine ilikuwa imeshalipa ada ya mwanangu.

Siku hizi simuulizi mwenye nyumba. Namuuliza mlinzi wa nyumba ya jirani, au mama wa genge la mboga pale kona: maji yalifika wapi? Mlinzi hana hisa, atakuonyesha ukutani kwa ncha ya kiatu. Majina nayo yanasema. Pale Msasani kuna mtaa unaitwa Bonde la Mpunga, na watu bado wanashangaa maji yanafuata nini. Mvua za Desemba 2011 ziliwahamisha watu wa Bonde la Msimbazi mpaka Mabwepande, na hata leo barabara ya Morogoro pale Jangwani, inapovuka bonde hilo, ikifurika, mji unakatika vipande viwili.

Maji ya bomba: fungua, nawa kwa sabuni. Povu likigoma kutoka, hicho ni kisima cha chumvi hata kama umeambiwa ni maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Uliza simtanki ni za lita ngapi. Mwaka 2022 mto Ruvu ulipungua maji, tukaingia kwenye mgao, na ukubwa wa tanki ndio ulioamua nani anaoga. Matanki na vyungu vya maua viwe na vifuniko au viwe vikavu, maana mbu wa dengi huzaliana humo na huuma mchana, chandarua hakikusaidii. Dar ilionja dengi 2014 na tena 2019.

Umeme sasa haukatikikatiki kama zamani, tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuzalisha 2024. Uliza tu kama mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ni yako peke yako.

Umbali usiupime kwa kilomita. Jumatatu saa moja kasoro asubuhi toka kwenye nyumba uende shuleni au kazini, uone mwenyewe. International School of Tanganyika ina watoto wadogo Upanga na sekondari Masaki. Mwenye mmoja huku na mmoja kule ana safari mbili kila asubuhi. Daraja la Tanzanite limesaidia tangu 2022, unatoka Coco Beach unaangukia karibu na Hospitali ya Aga Khan. Mbezi Beach unapata uwanja na miembe kwa kodi ya chumba na sebule Masaki, ila barabara ya Bagamoyo utaijua kila shimo. Kigamboni kuna hewa na kuna daraja, la kulipia. Mwenye kazi Posta, katikati ya jiji, huwa namshauri Upanga. Wengi hawaipendi, wanasema haina bahari, nao wanafika nyumbani saa mbili usiku.

Hela. Mkenya aliyezoea kulipa mwezi kwa mwezi atashtuka, hapa utaombwa miezi sita au mwaka mkononi. Tangu Machi 2025 kanuni zinataka bei zitajwe kwa shilingi, kwa hiyo anayekudai dola mrudishe kwenye mstari. Julai mwaka huohuo udalali wa nyumba ukapigwa marufuku kwa wasio raia. Kama kampuni yako ndiyo inayolipa, asilimia 10 ya kodi ya nyumba inakatwa inakwenda TRA, mamlaka ya mapato, kama kodi ya zuio. Nimeona mkataba ukivunjika kalamu ikiwa mkononi kwa sababu mwenye nyumba alidhani bei ni ya kupokea yote. Na ukishawishiwa kununua kiwanja, kumbuka Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi ila kwa uwekezaji.

Ukiweza, panga hoteli au nyumba ya muda mfupi ya miezi michache, utafute ya kudumu masika. Aprili iliyopita nilikuwa na mteja chini ya mwavuli mbele ya geti la nyumba aliyoitaka tangu Agosti. Maji yalipita katikati ya njia, ndala moja ya mtu ikaelea mbele yetu, ikakata kona taratibu, ikaingia getini. Akaniuliza ile ya Upanga bado ipo.